Kutoka Juja hadi Moyale: barabara moja, kazi mbili

Barabara kuu ya A2 ikitoka Nairobi kuelekea kaskazini hupita Githurai, Ruiru, Juja na Thika, kisha hushika njia ya Kenol, Sagana, Karatina, Nanyuki na Isiolo, ikakata nyika za Marsabit na kuishia Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Urefu wake unakaribia kilomita 780. Katika ramani ya barabara kuu za bara la Afrika, mpango uliobuniwa na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika mwaka 1971, kipande hiki kimo katika njia namba 4, ile ya Cairo hadi Cape Town. Kwa mkazi wa Juja, ni njia ya kwenda kazini Nairobi alfajiri, kurudi jioni, kumpeleka mgonjwa Thika na kuleta mboga sokoni.

Kazi hizo mbili, ya kuunganisha mataifa na ya kuhudumia mtaa, zinabebwa na lami moja. Serikali imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Sera Jumuishi ya Uchukuzi ya mwaka 2009, iliyopelekwa bungeni kama Waraka wa Kikao Na. 2 wa mwaka 2012, ilitaka mizigo isafiri kwa gharama nafuu na pia waendao kwa miguu na baiskeli wapewe nafasi yao barabarani. Tangu hapo, shabaha ya kwanza imepata fedha, sheria na majengo. Ya pili imeachwa nyuma mno, na pengo hilo linaonekana waziwazi kati ya Ruiru na Thika.

Njia hii haikuanzia kwenye lami. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1913 tawi lake likafika Thika. Tawi hilo liliitwa Tramu ya Thika, ingawa lilikuwa reli kama reli nyingine, na lilijengwa ili kubeba mazao ya mashamba ya walowezi wa Ruiru, Juja na Thika: kahawa, katani na mengineyo. Juja yenyewe ilikuwa shamba la tajiri wa Kimarekani William Northrup McMillan, ambako Theodore Roosevelt alifikia mwaka 1909 katika msafara wake wa uwindaji. Reli iliendelea hadi Nanyuki mwaka 1930, ikakomea hapo. Haikufika Isiolo, sembuse Marsabit. Uamuzi huo wa kikoloni, wa kupeleka njia ya chuma panapolimwa na kuwaacha wafugaji wa kaskazini na vumbi lao, uliacha alama iliyodumu zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Thika ilikua kuwa mji wa viwanda. Magari yaliunganishwa hapo kuanzia miaka ya 1970 katika kiwanda cha Leyland, ambacho baadaye kilijulikana kama Kenya Vehicle Manufacturers. Mafuta ya kupikia ya Bidco yalitoka hapo, na nanasi za Del Monte zikajaza malori na makopo. Ruiru ikapata maziwa ya Brookside na chuma cha Devki. Mwaka 1981 Juja ikapata chuo cha kilimo na teknolojia kilichojengwa kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994 kwa jina la Jomo Kenyatta. Kadiri miji hiyo ilivyopanuka, reli ilizidi kudhoofika, na mzigo wake ukahamia barabarani. Treni ya Nanyuki ilifufuliwa mwishoni mwa mwaka 2020, lakini kwa wakati huo lori na matatu vilikuwa vimekwisha kushika biashara yote.

Upanuzi mkubwa wa barabara ulianza mwaka 2009. Kazi iligawanywa vipande vitatu na kupewa kampuni tatu za China: China Wu Yi, Shengli na Sinohydro. Fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na hazina ya Kenya, na gharama ikafikia takriban shilingi bilioni 32. Rais Mwai Kibaki aliifungua tarehe 9 Novemba 2012. Kilomita 50 hivi za barabara ya njia nyingi, katika baadhi ya sehemu njia nane, zenye makutano ya ghorofa na barabara za pembeni: Kenya haikuwa imewahi kujenga kitu cha namna hiyo. Safari ya Thika hadi Nairobi, iliyoweza kumaliza saa mbili na zaidi wakati wa msongamano, ilipungua sana.

Barabara hiyo ilibadilisha ardhi kuliko ilivyobadilisha safari. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yaligeuka ploti, ploti zikageuka majumba ya kupangisha, na majumba yakajaa wanafunzi na wafanyakazi ambao kodi za Nairobi ziliwashinda. Mji mpya wa Tatu City ukainuka palipokuwa mashamba ya kahawa. Kila jumba lililoongezeka liliongeza watu kwenye steji. Kwa hiyo faida ya muda iliyopatikana mwaka 2012 imekuwa ikiliwa kidogokidogo, na magari yanayokwenda Ruiru, Juja na Thika hukutana na foleni zilezile zilizodhaniwa kuwa zimekwisha.

Tatizo zito zaidi ni la wanaovuka. Barabara ya njia nyingi huukata mji katikati: soko upande huu, makazi upande ule, shule na zahanati popote zilipoangukia. Baadhi ya madaraja ya miguu yalikamilika baada ya magari kuanza kwenda kasi, na mengine yaliwekwa mbali na mahali watu wanapovukia. Mchuuzi aliyebeba gunia la viazi hapimi umbali kwa ramani ya mhandisi. Anaupima kwa mgongo wake, na daraja likiwa mbali atapenya kwenye vyuma vya katikati. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zinaonyesha kuwa tangu mwaka 2021 barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Kumlaumu mtu anayevuka pasipo daraja ni rahisi. Kujenga daraja mahali anapovukia ni kazi ya serikali, na kazi hiyo ilipaswa kutangulia kasi.

Usafiri wa umma nao ulipangiwa dawa. Mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Uchukuzi ya Jiji la Nairobi na Viunga vyake (NaMATA), inayohusisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mojawapo ya njia zake za mabasi ya mwendo kasi, iliyopewa jina la Simba, ilipangwa kupita barabara ya Thika hadi Ruiru, Thika na Kenol. Mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa kwenye lami kutenga njia ya mabasi hayo. Rangi ilifika kabla ya mabasi, ikafutika, na abiria wa Juja wakaendelea kutegemea matatu. Dar es Salaam, iliyozindua mabasi yake ya mwendo kasi mwaka 2016, ilionyesha kuwa jambo hilo linawezekana Afrika Mashariki licha ya matatizo yake ya uendeshaji. Linahitaji njia iliyotengwa kwa saruji, vituo na mabasi yenyewe, si mstari wa rangi.

Juja pia ina kituo ambacho wapita njia wengi hawakitilii maanani, nacho ndicho kinachoifunga moja kwa moja na biashara ya mipakani: mizani. Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) hupima malori hapo, kama inavyofanya Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye na Busia. Kinachopimwa si uzito wa jumla tu, bali uzito unaobebwa na kila ekseli. Sababu yake ilithibitishwa na majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa mfululizo juu ya lami za unene tofauti hadi zikavunjika. Wahandisi waligundua kwamba madhara kwa barabara huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Ekseli ya tani 12 haiumizi barabara kwa asilimia 20 zaidi ya ekseli ya tani 10. Inaiumiza mara mbili. Ekseli ya tani 15 inaiumiza mara tano. Na ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1, ambayo ni zaidi ya uzito wa ekseli ya gari dogo la kawaida. Kwa hiyo lami ya Juja haichakazwi na maelfu ya magari madogo yanayojipanga foleni asubuhi. Inachakazwa na malori, na hasa yale machache yaliyozidisha.

Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2013, ili lori lililoruhusiwa Kenya lisigeuke haramu Uganda au Tanzania. Ukomo ni tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 24 kwa ekseli tatu zilizopangwa pamoja, na tani 56 kwa gari zima la ekseli saba. Lori lililozidisha hutozwa ada na kutakiwa kupunguza au kuupanga upya mzigo kabla ya kuendelea. Sheria hiyo ni nzuri, na mataifa yaliyokubaliana juu yake yanastahili sifa, kwa kuwa kila moja lilikuwa na wenye malori waliotaka tani zaidi.

Ila wasafirishaji wa masafa marefu, wenye kontena zilizofungwa na nyaraka zinazosomwa kila kituo, si lazima wawe wakosaji wakuu katika eneo la Juja. Machimbo ya Ndarugu hutoa mawe ya kujengea yanayotumika Nairobi na viunga vyake vyote. Mchanga hutoka Ukambani, kokoto hutoka machimboni. Tipa inayobeba mawe hayo haina umbali wa kwenda: hutoka machimboni, huingia barabara ya pembeni, humwaga mzigo Ruiru au Kasarani, ikarudi. Inaweza kuzikwepa mizani kwa njia za vumbi na kuingia barabara kuu mbele yake. Bei ya jiwe huhesabiwa kwa idadi au kwa lori zima, basi kila jiwe la ziada ni faida ya mwenye tipa na hasara ya mlipa kodi. Mizani moja iliyosimama mahali pamoja haitoshi kwa biashara kama hii. Dawa ni kupima machimboni kwenyewe, kabla gurudumu halijagusa lami, na kumwajibisha anayepakia sawasawa na anayeendesha.

Anayegharimia ukarabati ni kila anayenunua mafuta. Ushuru wa kudumisha barabara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita tangu mwaka 2016 na ukapandishwa hadi shilingi 25 Julai 2024. Mwenye nduthi anayejaza lita tatu Juja analipa shilingi 75 za barabara, na kwa hesabu ya kipeo cha nne, pikipiki yake haijaiumiza lami kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Kwa kila lori lililozidisha uzito na kupita bila kupimwa, mwendesha nduthi huyo anasaidia kulipa deni la mtu mwingine.

Kaskazini mwa Isiolo, hadithi ya barabara hii ina sura nyingine. Kwa miongo mingi kipande cha Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, kilikuwa mawe na vumbi. Malori yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi, na safari kutoka Nairobi iliweza kumaliza siku tatu au zaidi. Mvua ikinyesha, hesabu iliachwa. Abiria walikaa juu ya shehena au juu ya vyuma vya lori la mifugo, wakining'inia juu ya migongo ya ng'ombe. Lami ilianza kuwekwa kati ya Isiolo na mto Merille, kilomita 136, kisha ikasogea hadi Marsabit, Turbi na hatimaye Moyale, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya na serikali ya Kenya. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa imekamilika. Basi linaloondoka Nairobi siku hizi huingia Moyale ndani ya siku moja. Kwa watu wa Marsabit, hii ndiyo sera ya uchukuzi iliyobadilisha maisha kuliko nyingine yoyote tangu uhuru, na ni haki waliyocheleweshewa.

Mpaka wa Moyale ulihitaji kazi yake. Kwa utaratibu wa zamani lori husimama mara mbili: kwanza upande linakotoka, likaguliwe na uhamiaji, forodha, afya na kilimo, kisha upande linakoingia, ukaguzi urudiwe. Kituo cha huduma kwa pamoja huondoa kisimamo cha kwanza. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, na msafiri husimama katika nchi anayoingia tu. Kituo hicho kinahitaji zaidi ya majengo, kwa kuwa ofisa wa Kenya anatumia sheria ya Kenya akiwa amesimama katika ardhi ya jirani, jambo lisilowezekana bila mkataba na sheria. Kituo cha kwanza cha namna hii barani kilifunguliwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009. Afrika Mashariki ilitunga sheria yake mwaka 2016. Busia ilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Namanga Desemba mwaka huohuo. Cha Moyale kilifunguliwa Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed.

Moyale hata hivyo haiwezi kwenda kwa kasi ya Busia, na sababu haiko kwenye lami. Uganda na Kenya zimo katika Jumuiya moja yenye eneo moja la forodha, lililoanza kutekelezwa mwaka 2014: mzigo wa Kampala hulipiwa ushuru kabla haujaondoka Mombasa, na safari yake hufuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki. Ethiopia haimo katika Jumuiya hiyo. Ushuru wake ni mwingine na fedha za kigeni huko zimekuwa adimu kwa miaka mingi. Hata upande wa kuendeshea ni tofauti: Kenya huenda kushoto, Ethiopia kulia, kwa hiyo dereva hubadili upande anapovuka. Sehemu kubwa kabisa ya mizigo ya Ethiopia hupitia bandari ya Djibouti, ambayo tangu mwaka 2016 ina reli mpya hadi Addis Ababa. Matarajio kwamba lami pekee ingeugeuza mkondo huo kuelekea Mombasa yalikuwa makubwa mno. Kinachopita Moyale kwa uhakika ni biashara ya majirani: mifugo, maharagwe, vitunguu, bidhaa za viwandani kutoka kusini, baadhi yake zikiwa zimeunganishwa au kukamuliwa Thika. Biashara hiyo inastahili kuheshimiwa kwa ukubwa wake halisi, na taratibu za forodha zipangwe kumfaa mwenye gunia kumi kama zinavyomfaa mwenye kontena.

Thika ina mlango mwingine wa mpakani, usiotajwa sana. Hapo ndipo barabara ya A3 inapochepuka kwenda Mwingi, Garissa na Liboi, kwenye mpaka wa Somalia. Mpaka huo ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kuufungua kwa awamu, lakini Julai mwaka huohuo mpango ukaahirishwa kufuatia mashambulizi. Bidhaa zimeendelea kuvuka kwa njia zisizo rasmi, bila ushuru na bila ukaguzi wa afya, hali inayoiumiza serikali na mfanyabiashara mwaminifu kwa pamoja.

Usimamizi wa barabara yenyewe umegawanyika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza kaunti, zenye wajibu wa barabara za kaunti, masoko na steji. Mtu anayetoka Juja Farm kwenda Thika anaweza kupita katika mikono ya taasisi kadhaa ndani ya nusu saa, na mtaro ulioziba kwenye kona hukosa mwenyewe kwa sababu kila ofisi inaonyesha mpaka wa nyingine. Mataifa mawili yameweza kukubaliana kukaa jengo moja Moyale. Kaunti ya Kiambu na mamlaka za taifa zina sababu chache zaidi za kushindwa kukaa meza moja juu ya steji ya Juja.

Mzigo wa njia hii utaendelea kubadilika. Upanuzi wa barabara kuwa njia mbili kila upande kutoka Kenol hadi Marua karibu na Nyeri, kilomita 84, utashusha magari mengi zaidi, kwa kasi zaidi, hadi Thika na Juja. Barabara ya kando ya mashariki, inayotoka barabara ya Mombasa, huingiza malori Ruiru bila kupita katikati ya Nairobi. Kwa upande mwingine, mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 na viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, unakusudia mizigo ya Ethiopia ishuke bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na kupita Garissa hadi Isiolo. Ikifanikiwa, malori ya masafa marefu yataikuta A2 Isiolo na kuelekea kaskazini bila kuiona Juja. Yatakayobaki hapa ni ya mawe ya Ndarugu, maziwa ya Ruiru, nanasi za Thika, na matatu za wanafunzi na wafanyakazi. Hayo hayatahamia Lamu, na madaraja ya miguu, njia za mabasi na mizani za machimboni zinazohitajika kwa ajili yake hazina haja ya kusubiri mkataba wa nchi yoyote jirani.